Shangazi, kwa nini kila meza lazima iwe na majoka?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka St. Paul, Minnesota. Nilizaliwa Mombasa, wazazi wakanileta huku nikiwa darasa la sita, na sasa nina miaka 32. Kila Jumamosi jioni nakutana na wenzangu watano kucheza michezo ya kuigiza wahusika: ile ya kukaa mezani, kila mmoja na karatasi ya mhusika wake, msimamizi anasimulia, wachezaji wanasema wanafanya nini, na dadu zinaamua kama wamefaulu. Ni watu wazuri. Mama alipolazwa, wao ndio waliokuwa wakituletea chakula hospitalini. Nalisema hilo mapema ili usidhani nina ugomvi nao.

Shida yangu ni kwamba tangu niwafahamu tunacheza kitu kimoja tu, Dungeons & Dragons. Mashujaa wenye panga, wachawi, watu wenye masikio marefu, mahandaki, majoka, hazina. Kisa kikiisha tunaanza kingine kilekile. Mchezo huo naupenda, lakini nimeshiba.

Mwaka jana niliwaomba tujaribu Traveller, ule wa vyombo vya angani. Walikubali kwa kunionea haya, tukacheza usiku mmoja, ukaishia hapo. Ndipo nikaanza kuandika kitu changu mwenyewe: Kilwa ya karne ya 14, dhahabu ya Sofala (bandari iliyo Msumbiji ya leo), mitepe ile ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, wafanyabiashara wa Uarabuni, na Sultani aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Nimesoma sana, nimejaza kurasa, nimechora ramani. Nilipowaeleza, mmoja akasema wazo ni zuri ila tulitie ndani ya Dungeons & Dragons, tuweke majini na mazimwi. Mwingine alikuja kwenye jaribio langu, na usiku ulipofika katikati akauliza, "Kwani hapa tunapigana na nani?" Swali lile liliniuma hadi leo.

Yupo pia rafiki yetu mwenye nadharia kwamba binadamu kwa asili yake anataka hadithi za panga na uchawi, kwamba mchezo huu umeshinda kwa kuwa ndio bora, na kwamba mimi napigana na maumbile. Je, ni kweli? Mbona kwenye vitabu na filamu kuna mapenzi, upelelezi, siasa, vichekesho, lakini mezani aina moja ya fantasia imefunika zote? Na je, niwaache nitafute watu wengine, au nikunje kurasa zangu za Kilwa niendelee kuua majoka?

Mwenye Ramani, St. Paul

*

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole zangu.

Nianze na huyo rafiki mwenye nadharia, kwa sababu ushahidi wa kumjibu uko hapohapo mnapoishi. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, kijana aitwaye David Wesely aliandaa mchezo wa vita wa enzi za Napoleon. Kawaida ya michezo ile ilikuwa kila mchezaji aongoze jeshi. Wesely alikuwa na watu wengi kuliko majeshi, akawapa waliobaki mhusika mmojammoja ndani ya mji wa kubuni wa Kijerumani ulioitwa Braunstein: huyu meya, huyu mwenye benki, huyu mkuu wa chuo kikuu, kila mmoja na shabaha yake ya siri. Jioni ile ikawa vurugu tupu. Watu walivutana pembeni, wakanong'onezana, wakasalitiana, wakaomba kufanya mambo ambayo hakuna kanuni iliyoyawazia. Wesely alitoka akiamini ameharibu. Wenzake wakamwomba aurudie.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Dave Arneson. Kuanzia karibu mwaka 1971 akawa anaendesha mchezo wake mwenyewe, Blackmoor, wenye ngome na mahandaki chini yake. Wakati huohuo kule Lake Geneva, Wisconsin, Gary Gygax na Jeff Perren walikuwa wametoa kanuni za vita vya zama za kati zilizoitwa Chainmail, na nyuma ya kitabu wakaongeza kurasa za wachawi na majoka. Arneson na Gygax wakaunganisha kazi zao, na mwaka 1974 Dungeons & Dragons ikaingia sokoni ndani ya kisanduku chenye vijitabu vitatu. Nakala 1,000 za kwanza zilipangwa kwa mikono, zikaisha ndani ya kama mwaka mmoja.

Angalia ulivyopangika mfululizo huo. Kile kinachoufanya mchezo wetu uwe mchezo wetu, yaani mtu mmoja na mhusika wake na ruhusa ya kujaribu lolote, kilizaliwa katika mji wa mameya na wenye benki. Joka lilikuja baadaye. Mwambie rafiki yako kwamba anachokiita maumbile kina umri unaohesabika na kina anwani.

Sasa kwa nini joka lilipofika halikuondoka? Bahati ya wakati imechangia. Hadithi za Tolkien, yule mwandishi wa The Lord of the Rings, zilianza kuuzwa Marekani kwa jalada jepesi na bei nafuu mwaka 1965, zikasambaa vyuoni, hivyo kufikia 1974 kulikuwa na vijana wengi ambao tayari walijua mchawi mwenye fimbo ni nani na mlangoni mwa pango kuna nini. Gygax mwenyewe aliwapenda zaidi waandishi wengine, akina Robert E. Howard, Fritz Leiber na Jack Vance, na aliwaorodhesha katika kitabu cha wasimamizi cha mwaka 1979. Lakini watu wafupi wa Tolkien walikuwa ndani ya mchezo tangu mwanzo, hadi wenye haki walipolalamika na jina lao likabadilishwa. Msimamizi wa mwaka 1974 hakuwa na haja ya kueleza ulimwengu. Wachezaji waliingia nao kichwani.

Sababu iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni handaki lenyewe. Lifikirie kama chombo cha kazi. Handaki lina kuta, kwa hiyo wachezaji hawawezi kupotea mbali na yale aliyoyaandaa msimamizi. Lina milango, na mlango ni swali ambalo hata mgeni anaweza kulijibu: tufungue au tuache, kushoto au kulia? Ndani mna hatari na hazina. Hazina inaleta pointi za uzoefu, pointi zinakupandisha ngazi, ngazi inakupa uwezo mpya, na uwezo mpya unakuruhusu kushuka chini zaidi. Mpiganaji ana kazi yake, mchawi yake, mganga yake, mwizi yake, na hakuna anayekaa mezani bila kujua kwa nini yupo. Mtu asiyewahi kushika dadu anaweza kukalishwa mezani saa moja jioni, na kabla ya saa moja na nusu anacheza. Ni uhandisi mzuri mno wa mchezo, na nakuomba uuheshimu kabla ya kushindana nao.

Rudi kwenye usiku wenu wa Traveller. Mchezo ule ulitoka mwaka 1977, na ni mmoja wa michezo ninayoipenda kwa moyo wote. Lakini mhusika wake hapandi ngazi kama yule wa handakini. Katika kanuni za mwanzo aliweza hata kufa wakati bado unamtengeneza. Na ukishamaliza kumtengeneza, unapewa anga lote. Wachezaji wanatazamana, mmoja anauliza, "Haya, sasa tufanye nini?" Swali hilo limeua usiku mwingi kuliko joka lolote. Call of Cthulhu ya mwaka 1981 ililijibu kwa njia yake: kuna jambo la kutisha limefichwa, nendeni mkachunguze. Nadhani ndiyo maana mchezo huo ulipata makao ya kudumu, na kule Japani umependwa kuliko Dungeons & Dragons. Wajapani nao ni binadamu. Maumbile yako wapi hapo?

Yule mwenzako aliyeuliza mnapigana na nani alikuuliza swali hilohilo kwa maneno aliyokuwa nayo. Hakuidharau Kilwa. Alikuwa anakuomba mlango.

Baada ya hapo kuna umati wenyewe. Waulize jamaa zako wa Mombasa kwa nini walijiunga na M-Pesa baada ya mwaka 2007. Wengi hawakukaa chini kulinganisha huduma. Waliingia kwa sababu muuza mboga yumo, mwenye nyumba yumo, na bibi kijijini yumo. Mchezo wa mezani ni hivyohivyo, kwa kuwa huwezi kuucheza peke yako. Mtu anayehamia mji mgeni hatafuti kanuni bora kuliko zote. Anatafuta watu wa Jumamosi, na watu wa Jumamosi wanajua Dungeons & Dragons.

Wenye mchezo walilielewa hilo vizuri. Kampuni ya Wizards of the Coast iliununua mwaka 1997, na mwaka 2000 ikatoa leseni ya wazi: yeyote aweze kuchapisha visa na vitabu vinavyotumia kanuni zilezile. Ryan Dancey, aliyeisimamia hoja hiyo, alisema waziwazi kwamba thamani ya mchezo iko kwenye mtandao wa wanaoujua, kwa hiyo kila kitabu cha mtu mwingine kinairudishia kampuni wateja. Ikawa hivyo. Toleo la mwaka 2008 lilipowaudhi wachezaji wengi, mshindani mkubwa aliyeibuka mwaka 2009 alikuwa Pathfinder, na Pathfinder ilijengwa juu ya kanuni za Dungeons & Dragons za kabla yake. Hata aliyeasi aliasi ndani ya nyumba. Toleo la tano likaja mwaka 2014, watu wakaanza kuwatazama wengine wakicheza mtandaoni, na mwaka 2023, kampuni ilipotaka kuibana ile leseni, kelele za wachezaji zikawa kubwa kiasi kwamba kanuni za msingi ziliwekwa huru mwezi huohuo wa Januari. Ongeza michezo ya kompyuta, ambayo tangu Wizardry na Ultima za mwaka 1981 imechukua ngazi na pointi za uhai (kipimo cha majeraha anayoweza kuyastahimili mhusika kabla ya kufa) kutoka mezani. Kijana wa leo amefundishwa mantiki ya Dungeons & Dragons na skrini kabla hajaligusa dadu la pande 20.

Ukitaka kuona nguvu ya kutangulia, tazama nchi nyingine. Sweden walipata mchezo wao kwa lugha yao mwaka 1982, Drakar och Demoner. Ujerumani walipata Das Schwarze Auge mwaka 1984, na kwa miaka mingi ndio uliokuwa mkubwa kwao. Yote ni fantasia, nakiri, lakini mshindi alikuwa yule aliyewafikia watu kwanza kwa lugha yao. Jambo hilo litunze, nitalirudia.

Je, kutawala huku kuna ubaya? Kwangu upo, na sitaufunika. Mezani watu hufanya kile ambacho kanuni zinakilipa. Katika vijitabu vya 1974 sehemu kubwa ya pointi za uzoefu ilitokana na hazina mliyofanikiwa kutoka nayo, na mchezaji mwerevu alikwepa mapigano. Baadaye malipo yakahamia zaidi kwenye kushinda mapigano, na wachezaji wakahama nayo. Ukiitia Kilwa ndani ya kanuni za namna hiyo, hata uandike vizuri vipi, kufika saa tatu usiku karani wa Sultani atakuwa amepigwa panga, kwa sababu kumpiga panga kunalipa na kumbembeleza hakulipi. Ndiyo maana sikubaliani na yule aliyekushauri uingize kila kitu humo. Na hao majini anaowataka, watu wa pwani hawajawahi kuwachukulia kama mawindo ya kupatia pointi. Waliishi nao kwa hofu, kwa adabu, kwa makubaliano. Mtie baharia anayeapa amemwona jini kwenye kisiwa, wachezaji waogope kulala huko, na usimwandikie jini huyo pointi za uhai.

Wewe nawe una hatari yako, na naiona kwenye barua. Umesoma sana, umejaza kurasa. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya Dungeons & Dragons, TSR, kampuni iliyouchapisha mchezo huo mwanzoni, ilitoa Empire of the Petal Throne, ulimwengu wenye lugha zake, miungu yake na desturi zake, mbali kabisa na Ulaya. Ulikuwa tajiri kupita kiasi, na haukupata umati, kwa sababu mchezaji alihisi lazima asome kwanza ndipo acheze. Usiwakalishe wenzako kwenye mtihani wa historia ya Waswahili. Ukurasa mmoja unatosha, na hata huo wasome baada ya kucheza.

Fanya hivi. Usiwaombe waache chochote. Subiri Jumamosi ambayo msimamizi wenu amechoka au hayupo, useme una kisa cha usiku mmoja tu. Wahusika watengeneze wewe, watano, kila mmoja na kazi na siri, kama Wesely alivyofanya. Nahodha wa mtepe mwenye deni. Karani wa hazina ya Sultani. Binti wa mfanyabiashara anayezijua hesabu za baba kuliko baba mwenyewe. Mkalimani aliyetoka bara ya Sofala. Baharia wa Hadhramaut aliyekabidhiwa barua asiyopaswa kuifungua. Kisha anza moja kwa moja: dhahabu iliyokuwa ghalani imekutwa pungufu, upepo wa kusi umeanza kuvuma, na jahazi la Aden halitangoja zaidi ya siku tatu kabla bahari haijachafuka. Ramani yako iweke katikati ya meza. Bandari, soko, Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa, ghala. Kila mahali ni mlango. Waulize mnaanzia wapi, unyamaze.

Kwa kanuni, usitupe kitabu chako cha Traveller. Dadu mbili za kawaida, ukipata 8 au zaidi umefaulu. Mtu aliyewahi kucheza ludo anaelewa papo hapo. Halafu tazama moyo wa mchezo ule: watu wachache wenye chombo kinachodaiwa, malipo ya kila mwezi kwa miaka 40, mzigo wa kununua bandari hii na kuuza bandari ile. Badilisha nyota ziwe visiwa, malipo ya mwezi yawe ya msimu wa kaskazi na kusi, na unayo Bahari ya Hindi nzima. Sijui kanuni nyingine zinazokaa vizuri hivyo na biashara ya mababu zetu. Zawadi nazo ziwe wazi kama za handakini: deni lililolipwa, mzigo uliofika salama, jina jema bandarini linalofungua milango iliyokuwa imefungwa. Waandike kwenye karatasi zao waone zikipanda.

Kuhusu kuondoka, usiondoke. Watu waliomletea mama yako chakula hawaachwi kwa sababu ya dadu. Cheza nao Jumamosi, na anzisha meza ya pili ya watu ambao hawajawahi kucheza chochote. Mchezo wa Vampire: The Masquerade, ambamo unaigiza mnyonya damu, ulipotoka mwaka 1991 ulipata nguvu kwa kuwaleta watu wapya, wakiwemo wanawake wengi, ambao mahandaki hayakuwa yamewavutia. Nawe unaishi penye Wakenya wengi, na Watanzania pia. Binamu zako, watu wa msikitini, wenzako wa kazini wanaotoka Tanga au Lamu: wakalishe, uwaendeshee Kilwa kwa Kiswahili. Hakuna joka lililowatangulia kichwani, na kwa lugha hiyo sijui mchezo wa namna hii uliowafikia kabla yako. Nahodha akibembeleza kwa Kiswahili cha bandarini, hutahitaji kurasa zako zile nyingi.

Mkifika usiku wa tatu na bado wanataka kuendelea, hiki hapa cha kuwapa. Mwaka 1944 sarafu 5 za shaba za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Waambie wachezaji wako kuna mzee bandarini anayedai anaijua njia, na anatafuta chombo cha kukodi.

Shangazi